Chaki Ukutani

Nimeibeba kompyuta kama sinia la chai ya moto,
napita nayo chumba kwa chumba, taratibu,
nisije nikautikisa mshale wa kipimo.
Mama yu nyuma yangu na chaki.
"Soma," ananiamuru. Nasoma.
Jikoni, arobaini na moja.
Anaandika 41 juu ya swichi ya taa
kwa mwandiko wa mwalimu wa hesabu aliyestaafishwa bila kutaka.
Ukumbini, kumi na nane.
Kwenye ngazi tisa, kisha saba, kisha tisa tena;
anachoka, anaandika 8.
Chumbani kwake, tatu.
Ndani ya mnara, hakuna kitu.

Mnara wetu ni wa mawe, unene wa ukuta wake
ni mtu aliyelala amekunja magoti.
Waliotutangulia hapa Svaneti waliujenga
kuzuia risasi za jirani,
maana kisasi kilirithiwa kama ng'ombe.
Hakuna aliyewaambia
kwamba siku moja hatakuja adui, atakuja baba,
atapitia hewani,
na jiwe halitajua tofauti.

Baba anachomelea meli Gdansk.
Kila usiku saa tatu anapiga.
Linakuja paji la uso, linakuja jicho moja,
halafu anaganda, mdomo wazi,
kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa amesinzia.
"...theluji... je, paa li... umelip..."
Mama anayajibu yote, hata yale yasiyofika.

Maguli, dada yangu, alishtakiwa kwanza:
akipasha mkate wa nyama kwenye oveni ya umeme,
namba inaporomoka mpaka sita;
oveni ikilia ting, namba inapanda.
Nikabandika karatasi: SAA TATU NI MARUFUKU KULA MOTO.
Tukala baridi wiki nzima.
Baba akaganda vilevile.

Nikashuka Zugdidi, nikanunua waya, mita thelathini,
nikaupitisha kwenye tundu walilolengea bunduki.
Kipimo kikasema: themanini na nane!
Mama akaandika 88, akaizungushia duara, kama kwa mwanafunzi hodari.
Saa tatu, baba akaganda.

Ndipo nikaacha kuulaumu mtandao, nikaipima kompyuta yenyewe.
Feni ililia kama nyuki chupani.
Kichakataji, asilimia tisini na saba.
Kumbukumbu, imejaa.
Nikashuka orodha ya kazi, mstari kwa mstari,
nikimtafuta mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako:
programu moja, ya nakala,
iliyopangwa kuamka kila siku saa tatu za usiku,
ikipakia picha na video zetu zote
kwenda kwenye simu moja tu.
Aliyeipanga: Jokia. Baba.
Ile Januari, kabla ya basi la alfajiri.

Ndama akizaliwa, video. Maguli na meno mapya.
Theluji ikifika dirishani. Mama, mgongo tu, akikanda unga.
Tulikuwa tukimtumia nyumba nzima,
jiwe kwa jiwe, katika uchochoro ule ule mwembamba
aliokuwa akijaribu kuingilia.

Sikuifuta. Niliisogeza tu, saa tisa za usiku,
wakati hata mbwa wamelala.

Jana akapiga.
Akaja wote: paji, macho mawili, kidevu,
kovu jipya la moto chini ya sikio,
nywele ambazo mgando ulikuwa umetuficha weupe wake.
Nyuma yake kitanda cha chuma, na kitanda kingine juu yake,
na soksi za mtu mwingine.

"Mnanisikia?" akauliza.
Tunakusikia.
"Mnaniona?"
Mama alikuwa bado ameshika chaki.

Zamani tukinyamaza, tulisema ni mtandao.