Senti ya Chuma

Baba alikufa Jumanne. Alhamisi barua ikaja:
"Mpendwa Eino Kangas, usajili wako unakaribia kwisha.
Usizikose hisa tatu tutakazozitaja Machi."
Bahasha ya manjano, na pembeni picha ya Bwana Bridewell wa Florida,
meno yote nje kama kinanda.

Hapa Duluth, Februari, ziwa huganda hadi macho yanapokoma
na meli za madini hulala gatini.
Nilikuwa na muda. Nikashuka chumba cha chini kupanga alichokiacha:
koleo mbili za theluji, mikebe ya misumari iliyonyooshwa,
na masanduku kumi na tisa, moja kwa kila mwaka,
yote yamejaa jarida la Bwana Bridewell.

Dola mia mbili na arobaini kwa mwaka.
Nilizidisha nikiwa nimesimama:
elfu nne, mia tano na sitini.
Na mama alifua miaka yote kwa mashine iliyotetemeka
hadi ikatembea sakafuni, akiifuata na kikapu.

Nikamkasirikia kama wanavyokasirikiwa maiti,
kwa sauti kubwa.
Baba, nikasema, anayejua dhahabu ilipo
hauzi ramani.
Huazima koleo, akachimba usiku.

Daftari lilikuwa ndani ya sanduku la kwanza,
daftari la gatini, la kuhesabia mabehewa.
Safu mbili kwa penseli. Juu ya moja: Yeye.
Juu ya nyingine: Senti.
Na senti yenyewe imebandikwa kwenye jalada,
ile ya chuma, ya mwaka wa vita,
shaba yote ilipokwenda kwenye risasi.

Kila hisa Bridewell aliyosema inunuliwe au iuzwe
baba aliiandika, bei na tarehe,
kisha akaiuliza senti. Sura, nunua. Ngano, uza.
Baada ya mwaka akawahukumu wote wawili.

Yeye kumi na nne, Senti kumi na moja.
Yeye tisa, Senti kumi na tatu.
Mwaka ule soko lilipoporomoka Oktoba:
Yeye tatu, Senti kumi na mbili,
na pembeni, kwa mwandiko wake wa kubana:
"Jarida limefika leo. Linasema nunua."

Yeye mwenyewe hakununua kitu.
Pesa zake zilikaa benki ya chama cha wafanyakazi,
zikizaa kidogo kidogo, kama kuku wa baridi.

Nakala ya barua, imekunjwa mara nne:
"Bwana Bridewell, huu mwaka wa saba nakuhesabia.
Jumla, senti yangu inaongoza kwa tano.
Je, ungependa kuiajiri?"
Na toleo la mwezi uliofuata, ukurasa wa nyuma,
chini ya *Wasomaji Wetu Wanasema*:
"Bwana Bridewell… mwaka wa saba… inaongoza!"
E. K., Minnesota.
Baba ameizungushia duara. Hakuandika neno.

Nikarudi kwenye tarehe ya kwanza kabisa.
Aprili. Aprili ile baba mdogo Reino
alipouza nyumba ya Hibbing, akahamia kwenye trela
nyuma ya kiwanda cha mbao, yeye na mbwa,
baada ya mgodi wa fedha wa Nevada
kuonekana hauna shimo hata la panya.
Nyumbani kwetu mgodi ule haukutajwa mezani.
Nilidhani ni adabu.

Kadi ya kujisajili upya ina viboksi viwili:
Ndiyo, mwaka mmoja.
Ndiyo, miaka mitatu, kwa punguzo.
Cha hapana hakikuchapishwa.

Nimeibandua senti. Gundi imeacha alama ya duara,
na kutu kidogo mahali pa mwaka.
Kwenye daftari zimebaki kurasa sita,
mistari yake amekwisha kuipiga kwa rula,
safu mbili, mbili, hadi mwisho.