Nyumba Yangu Ina Nyota Tatu na Nusu

Walianza kuja mwezi wa nne, mvua haijapumua.
Wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye mtoto mgongoni,
mtoto mkubwa, miguu inagonga magoti ya babake.
"Daktari yuko?"
Nikasema, hapa ni kwa Kageha, fundi wa kushona.
Akanigeuzia simu: alama nyekundu
imekaa juu ya paa langu kama kuku anayeatamia.
Zahanati. Umefika.

Zahanati iko ng'ambo ya Edzava,
palepale ilipokuwa nikiwa darasa la tano,
na daraja la huko lilibebwa na maji mwaka juzi,
jambo ambalo ramani haijaambiwa.
Njia ya mwongo ni fupi, tulifunzwa.
Hii ina kilomita nane
na inakatiza kwenye chai ya watu.

Ndani ya simu, kiwanja changu ni kijivu.
Pale alipolala Ezekieli wangu, chini ya saruji
niliyoilipia kwa sare thelathini na sita za shule,
pamewekwa alama ya maegesho ya magari.
Hakuwahi kumiliki hata baiskeli.
Angecheka. Kisha angetaka kutoza ada.

Nilimwita mjukuu, Ambani, aandike kule kunakoandikwa:
kuna kosa.
Wakajibu upesi, kwa adabu: Asante, tunakagua.
Baada ya wiki tatu: Pendekezo lako halikukubaliwa.
Nikakaa kwenye cherehani nikijiuliza
huyo aliyekagua alisimama wapi,
na mbona mbwa wangu hakubweka.

Halafu zikaja nyota.
Mtu nisiyemjua alinipa mbili: "Hakuna dawa."
Mwingine tano: "Mama mkarimu. Chai ilikuwa na tangawizi."
Mwingine: "Nilishonewa suruali nikisubiri."
Jumla, tatu na nusu.
Hospitali kubwa ya mjini, anasema Ambani,
ina mbili na kitu.

Kuuliza si ujinga,
lakini watu wameacha kuuliza. Wanatazama viganja vyao
wanampita Rasoa anayeuza ndizi njia panda,
Rasoa anayejua kila mlango wa hapa,
na mlango upi unadaiwa na nani.

Usiku mmoja wa Agosti pikipiki ilileta msichana.
Alishika lango langu kwa mikono miwili, asiliachie.
Nilianza kusema si hapa.
Nikaona macho yake.
Mkasi wangu ni wa vitambaa. Nikauchemsha.
Mtoto wa kike, saa tisa kasorobo,
juu ya meza ya kukatia, juu ya mita mbili
za kitambaa cha samawati ambacho sijamlipisha mtu.
Walipokwenda kuandikisha, karani aliuliza mahali.
Kwa Kageha, mama akasema.
Karani akatafuta kwenye simu yake, akapata,
akaandika kwa wino: Zahanati.

Tangu siku ile kurunzi ilining'inia msumarini karibu na mlango,
chupa ya maji moto haikulala tupu,
na namba ya Lumadede niliikariri,
Lumadede mwenye gari, anayejua kivuko cha mawe.

Wiki iliyopita wamesahihisha.
Ambani alinionyesha akitabasamu kama aliyeshinda kesi:
alama imeruka ua wangu
na kutua kwa Javan, juu ya banda la nguruwe.

Jana usiku nilisikia mbwa wa Javan.
Alfajiri akaja, kofia mkononi, matope hadi magotini.
"Kageha, kuna watu kwangu wanataka daktari."

Nikamtolea kurunzi.
Nikamwandikia namba ya Lumadede kwa chaki ya kushonea
kwenye kipande cha bitana.
Maji yachemshwe kabla jua halijatua, nikamwambia.
Nguruwe wahamishie upande wa migomba.
Na betri ni zile kubwa. Nunua nne.