Nyongeza

Tumsifu, treni itakushusha saa ambayo jogoo bado anajifikiria.
Usikimbilie bajaji ya kwanza.
Kaa kwenye benchi, funga kamba za viatu hata kama zimefungwa,
uone mabehewa yanavyoachana: haya ya Mwanza,
haya ya Mpanda, haya yanaendelea Kigoma,
yanagongana kidogo kwanza
kama ndugu wanaoagana bila kutazamana.
Tabora ilijifunzia tabia hapo:
kila mtu anapita, na kila mtu anapewa uji.

Uji unanywewa nje ya geti,
kwa mama mwenye kandambili za rangi mbili.
Kama hayupo, basi nimekaa mbali kuliko ninavyohesabu.

Ukiambiwa mwangaluka, itikia mwangaluka.
Usijibu poa. Poa ni ya stendi.
Jioni salamu hugeuka, huwa mwadila;
ukizichanganya watacheka,
na kesho yake watakuwa wanakufahamu.

Kama ni Oktoba, jua letu halina adabu.
Saa saba lala kama wenyeji: sakafuni,
mlango wazi, redio chini.

Asali. Watakufuata wengi na chupa.
Anayechovya njiti ya kiberiti, akaiwasha
ili uamini, huyo ni msanii:
mpigie makofi, usinunue.
Pita nyuma ya wauza majembe,
utafute iliyo chafu, yenye bawa la nyuki,
chembe ya nta, moshi wa porini.
Ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu,
na bei yake itakuudhi.
Nunua hiyohiyo.

Watakwambia uende Kwihara ukaone tembe.
Nenda, lakini kwa baiskeli.
Mchanga wa njia ile unataka ushuke, ukokote, utote jasho,
mpaka mtoto usiyemjua akusukumie bila kuombwa,
halafu akimbie kabla hujamuuliza jina.
Bwawani Igombe usiende Jumapili, kuna spika.
Jumatano maji yako peke yake.

Na hili ulishike: ukinunua chochote,
karanga, mchele, hata chumvi,
muuzaji akishapima huongeza kidogo.
Usiombe. Usishukuru kwa sauti.
Asiyekuongeza ana neno na wewe.

La mwisho nilitaka kuliandika juu kabisa,
nikalisogeza, nikalisogeza.
Ng'ambo, ukishapita msikiti mdogo,
mlango wa tatu, pazia la khanga,
anakaa Kalunde. Anauza matobolwa
kwa kopo la maziwa ya unga.
Usimpunguzie bei. Usitafune kwa pupa:
kiazi kilichochemshwa kikaanikwa juani
hukaa kwanza shavuni, kikakumbuka maji.

Jina langu usilitaje.
Wala cherehani ya mama, ambayo ninayo mimi huku Lindi,
sindano imekatika,
miaka kumi na mmoja sijashonea hata pindo.
Mwambie tu unataka yale ya chini ya sufuria,
yaliyoshika moto.
Hakuna anayeyaomba hayo.
Nyumba nzima tulikuwa wawili.

Atakutazama. Atajaza kopo,
atalisawazisha kwa kiganja, atamimina kwenye mfuko wako.
Hapo usiangalie uso wake, angalia mkono.
Ukirudi kwenye sinia,
hata kwa vipande vitatu, niandikie.
Usiporudi, niandikie pia,
kisha yafunge vizuri uniletee yote,
bila kuonja.