Mstari wa Njano

Mimi ndiye mshika funguo wa Shule ya Moorfoot, Accrington:
milango mia na mitatu, boila mbili, na paa
linalovuja palepale kila Novemba.
Wakuu wa shule huja na hotuba. Mimi huja na ndoo.

Bwana Entwistle alitawala miaka ishirini na miwili.
Ndiye aliyeniagiza nichore mstari wa njano
katikati ya korido ndefu: watoto wapite kushoto,
kimya, mikono nyuma.
Nilipiga magoti siku tatu za likizo nikauchora.
Ulinyooka, sikatai. Nilijivunia.

Januari akaja Bi Oonagh Rafferty, mwanamke wa Derry,
koti la mvua, viatu vya kutembelea.
Walimu wakasubiri waraka.
Wiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna.
Alisimama getini kwenye mvua ya mawe akijifunza majina,
akayakosea, akasahihishwa na vitoto vya miaka kumi na mmoja,
akayarudia kama mtu anayehesabu chenji.
Chumba cha walimu alikaa, bila kujua,
kwenye kiti cha Bwana Haworth.
Vikombe vikaganda hewani.
Kiti kile kilishika umbo la Haworth tangu zama za chaki.

"Huyu kazi haijui," wakanong'ona.
"Angekuwa anaijua, angeshabadilisha kitu."

Machi akaniita: "Shekue, njoo na bisibisi."
Tukaenda chumba namba kumi na nne.
Nyinyi hamkijui. Vibanda kumi na viwili vya mbao,
kila kibanda kiti kimoja, kila kiti kimeukabili ukuta.
Humo mtoto alikaa kutwa
kwa kosa la tai, kwa kosa la kucheka.

Haworth alikuwa mlangoni, uso umemwiva.
"Miaka thelathini," alisema, "chumba hiki kimetushikia shule."
Nikakumbuka wanavyosema kwetu, mwacha asili ni mtumwa,
nikajiuliza: asili ya nani, na mtumwa ni nani?
Bi Rafferty hakubishana. Alimpa kurunzi.
"Soma ndani."
Akainama, akaingia. Mbao zilikuwa zimechorwa kwa ncha za bikari:
majina, vijistari vya kuhesabu siku,
tusi moja kwa hati nzuri mno.
Alikaa humo kitambo, magoti yakigusa kidevu.
Alipotoka hakusema neno.
Ubao wa kwanza ulipolegea,
alishika upande wa pili.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini Aprili vioo vitano vilivunjwa,
Mei walimu wawili wakaandika barua za kuacha kazi,
na mama mmoja akaja juu, kwamba mwanawe
alikuwa salama zaidi akitazama ukuta.
Kengele tuliing'oa Jumatatu; Alhamisi tukairudisha,
maana hata wapishi hawakujua saa ya chakula.
"Hapo nimekosea," Bi Rafferty aliwaambia wote, amesimama,
na nadhani ni siku hiyo, si ile ya vibanda,
kitu kilipoachia.
Haworth alimsogezea kiti.
Si chake. Cha jirani.

Agosti nikaambiwa niukwangue mstari wangu.
Siku tatu tena, magoti yaleyale, sasa yanalia.
Rangi ilitoka; sakafuni likabaki kovu jeupe.
Septemba wakarudi, na bila mstari, bila amri,
wakapita kushoto. Mamia yao. Mikono nyuma.
Bi Rafferty alisimama kando yangu, akapumua kwa pua.
Kisha kitoto kigeni, begi limekizidi mgongo,
kikakata katikati mbio, kiatu kimoja hakijafungwa.
Wenzake wakageuka kuona nani atafoka.
Wakangoja. Wakangoja.

Ni Novemba sasa. Paa linavuja palepale.
Jioni nafunga milango mia na mitatu,
korido tupu, taa nusu, hakuna wa kunitazama,
na mimi, na ndoo yangu,
bado napita kushoto.