Rispa wa Lübeck

Bwana Rautner alitaka dhoruba.
Siku tatu nilisaga makaa ya mifupa
apate weusi wa kuyatosha mawingu yake,
na chini yao Rispa binti Aya, mkono juu,
akifukuza kunguru kwenye maiti za wanawe.

Aliyesimama badala yake ni Gesche, mfua nguo:
shilingi mbili kwa saa, na supu.
Wanawe walikwenda na jeshi Urusi.
Theluji haikurudisha hata kifungo.

Siku ya nne akauteremsha mkono.
"Bwana, nani awezaye kuuinua hivi
tangu mavuno hadi mvua?
Angeketi. Angeweka vijiwe mapajani.
Wala asingemtazama Mungu.
Angemtazama ndege."

Ukuni ukapasuka ndani ya jiko.
Akajifunga shali, taratibu:
"Tena yule alikuwa na bahati.
Alikuwa na cha kulinda."

Bwana akachukua kisu
akaikwangua mbingu yote.
Weusi wangu ukadondoka sakafuni, maganda maganda;
nikaufagia.

Leo Konsuli Wilms, aliyeiagiza picha, ananung'unika
mbele ya mwanamke, gunia na jiwe:
"Maiti ziko wapi?"