Neno la Mara Moja

Lipo neno moja mnarani hatulichezei.
Kuruka.
Rubani akiuliza zamu yake, namjibu habari ya kuondoka;
akiulizia mafuta, mvua, foleni, namjibu habari ya kuondoka;
ulimi unalizunguka lile jingine
kama mtu anayekwepa mlango wa mdai wake.
Husemwa mara moja tu,
njia ikiwa tupu, macho yameshaifagia mara mbili,
na likishatoka halirudi.

Ndivyo alivyonifundisha Bauma, Mungu amrehemu,
aliyenusa moshi wa Nyiragongo akajua upepo kabla ya mashine.
"Kahindo," aliniambia, "huko Birere neno moja lina maana saba,
ndiyo ni labda, kesho ni mwaka ujao.
Huku juu neno lina maana moja, ama lina maiti."

Miaka kumi na tisa nimekaa na maneno ya maana moja.
Subiri: si ndiyo, si hapana, nyamaza tu.
Rudia: nionyeshe kwamba masikio yako ni yako.
Nakusikia tano: hata ngurumo za Masisi hazijakumeza.
Nikirudi nyumbani Katindo, mume wangu analalamika
kwamba namwagiza chumvi kama naagiza Antonov.
Nangoja arudie.
"Chumvi, nusu kilo, dukani kwa Mapendano."
Anacheka. Nachelea kumwambia kwamba sitanii.

Chini yangu njia ya ndege, nyeusi,
fupi kuliko ilivyozaliwa:
lava ilishuka mwaka ule ikajilaza ncha ya kaskazini
kama mgeni asiyeuliza kitanda ni cha nani.
Tumechimba, tumesawazisha,
bado wazee wa usukani hulikumbuka jiwe kwa breki zao.
Watoto wa Majengo wanaujua ukuta kwa matundu yake.
Mbuzi pia. Wiki iliyopita beberu mmoja
alinizuilia ndege ya unga dakika kumi na moja.
Nikaandika kitabuni: kizuizi, chenye ndevu.

Leo asubuhi kijikaratasi cha nne mezani
ni ndege ya Kinshasa, abiria arobaini na wawili.
Arobaini na mmoja siwajui.
Aliyebaki ni Kyakimwa, kiti cha nyuma, kushoto,
begi lenye barua ya chuo, kopo la sambaza wa kukaanga,
na sweta aliyoikataa, niliyoisukumia chini kabisa.
Usiku kucha tulisema kuondoka.
Saa ya kuondoka. Viatu vya kuondokea.
Baba yake peke yake aliteleza: "Basi mtoto anaruka,"
nikamkata jicho hata akaweka kijiko chini.

Zamu haikubadilishwa. Sikuomba.

Ndege imesimama mwanzo wa njia, pua imeelekea ziwa.
Rubani ana sauti ya mtu aliyekunywa chai akatosheka.
Yuko tayari, anasema.
Upepo nyuzi mia moja sitini, noti nne.
Njia tupu. Nimeifagia mara mbili.
Mara ya tatu.
Mara ya nne.
Paluku, msaidizi wangu, amegeukia ukuta
anasoma kalenda ya mwaka jana.

Subiri, nasema.

Dakika nzima ikapita, na mbuzi alikuwa mimi.

Kisha nikalitoa,
kwa sauti ileile ninayowapa wabeba unga na vitunguu,
upepo kwanza, namba ya njia, halafu lenyewe.
Rubani akarudia neno kwa neno, kama sheria inavyotaka,
na alipolitaja nikasikia si langu tena.

Magurudumu yakaachana na lami kabla ya alama ya mwisho.
Bawa la kushoto likainama juu ya maji,
likawa ukucha, likawa chumvi, likawa wingu la Idjwi.
Saa tatu na dakika saba. Nikaandika.

Paluku akauliza aweke nini mahali pa sababu ya kuchelewa.
Kizuizi, nikamwambia.
Akangoja, kalamu hewani,
nimtajie ni cha aina gani.