Vyumba Sita, Warithi Tisa

Ukitaka kitasa, njoo kwangu:
Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya pili, fremu namba kumi na nne.
Winga atakuleta hata kama hukumuuliza.
Lakini simama kwanza pale penye lifti mbovu,
hesabu nami hatua kumi na mbili kuelekea kibla.
Umeshapita ukumbini kwa Bi Mwanahawa binti Kondo.
Hapo ulipo ni angani kidogo, juu ya kitanda chake.

Nyumba ya udongo na boriti,
bati limeungwaungwa kwa madebe ya mafuta ya taa,
vyumba vitatu huku, vitatu kule,
na uani karo, kinu, na ugomvi wa zamu ya kudeki.
Cha kwanza alikaa Wendelini, Mngoni, karani wa Reli,
aliyepiga pasi suruali hata siku asiyokuwa na pa kwenda.
Cha pili Bi Somoe: alfajiri maandazi, usiku minong'ono.
Cha tatu kilibadilisha wapangaji
kama mgonjwa anavyobadilisha dawa asijue anaumwa nini.
Vingine nimesahau.
Kweli nimesahau,
na mjomba ambaye ningemuuliza
siku hizi ananiita kwa jina la marehemu baba yangu.

Mlango wa mbele haukuwa na kitasa.
Mchana pazia, usiku komeo la mti,
na Wendelini akichelewa kutoka zamu
komeo lenyewe lilifunguliwa kwa kijiko.

Mitaa hii ilizaliwa imenyooka.
Wakoloni walivuta kamba: wao upepo wa bahari,
Wahindi maduka,
sisi mchanga.
Ikaja vita, ikaja kambi ya wapagazi,
watu waliobeba kichwani risasi za ugomvi usiowahusu.
Jina la kikosi chao likapita vinywani mwetu
likatoka limelainika: Kariakoo.
Jina likapata kwao.
Wenyewe, wengi, hata kaburi hawakupata.

Bibi hayo hakuyajua, au aliyajua akayanyamazia.
Historia yake ilikuwa daftari la kodi:
"Namba tano, shilingi thelathini. Nimempunguzia, ana msiba."

Alipofariki tukawa tisa.
Gawa vyumba sita kwa watu tisa!
Shehe aligawa, mwanamume mawili, mwanamke moja.
Wakili akagawa upya.
Shangazi Mwanaarabu akagawa kwa machozi.
Nyumba ikakataa, ikakubali fedha tu.
Mnunuzi alikuja na kikokotoo
na kreti mbili za soda.
Wengine walizitazama mpaka zikapoa jasho.
Mimi nilikunywa mbili.

Greda lilimaliza kabla ya adhuhuri.
Udongo haubishani.

Fungu langu lilitosha kodi ya fremu hii, miezi kumi na minane.
Mwezi wa kumi na tisa nikawa mpangaji
kwenye kiwanja cha bibi yangu,
na hakuna wa kuniandikia kwamba nina msiba.

Wapo wanaosema mtaa umekufa.
Wangekuja saa nne asubuhi
wamwone Lukindo, kijana wa Muheza,
akipandisha robota la mapazia mpaka ghorofa ya saba,
kwa ngazi, kwa kichwa,
shingo imemkaza kama kamba ya kisima.
"Pisha! Pisha, mzigo!"
Namwachia njia, nabana kifua ukutani.
Jina hili halijasahau kazi yake.

Leo kaja mteja kutoka Lubumbashi.
Anauliza kipi kigumu kuvunja.
Namtolea kile cha shaba,
ufunguo wake una meno pande zote mbili.
Anakigeuza, anakipima uzito kiganjani,
anataka kujua kama nakiamini.
Nakiamini, namwambia.
Habari ya kijiko simwambii.